Usinunue Betri Bado: Vile Utajua ka Altaneta ya Ndai Yako Imechoka

Leo tunafungua boneti. Hii story ni ya kila msee na kila manzi ako na ndai ya kitambo, ama anaweka doh pole pole ndio ashike moja: Toyota 100, Toyota 110, Nissan B15, Probox za kwanza kwanza, zile Subaru Legacy za miaka ya tisini zinanguruma Thika Road usiku, hadi Peugeot 504 ya guka yenye imeegeshwa ocha chini ya mti wa avokado. Hizi ndio ndai vijana wengi wa Kanairo wanaanzianga nazo. Bei inaeleweka, spea ziko kila kona, fundi wa mtaa anazijua kutoka mbele hadi nyuma, na ukizitunza zinasonga miaka mob.

Lakini kuna ugonjwa wa chaji umekula doh ya vijana wengi bure. Ndai inagoma asubuhi, wasee wa base wanakam kusukuma, na kila mtu anageuka daktari. Mmoja anasema betri imededi, unanunua betri. Wiki mbili zikiisha ndai imegoma tena. Mwingine anasema hiyo ni stata, unatoa chapaa ingine. Bado. Mwisho inapatikana altaneta ndio ilikuwa haichaji, ama hata altaneta ilikuwa fiti, ni waya ya ground imeoza. Doh imeenda, na ile betri mpya imeanza kuharibika juu imekuwa ikikaushwa kila siku.

Mi naamini kitu moja na naisema mapema: usibadilishe spea yoyote kabla upime. Kupima altaneta haitaki digrii ya injinia. Inataka multimita, kichwa tulivu na nusu saa hivi ya kusimama kando ya injini. Multimita za kuanzia zimejaa Luthuli Avenue, na hata ile ya kawaida kabisa itakuchanua vitu mob.

Nani anafanya jobo gani

Betri jobo yake kubwa ni kuzungusha stata. Hiyo ni sekunde chache tu, lakini ni sekunde za kuvuta stima nyingi sana. Injini ikishawaka, betri inafaa ipumzike. Kutoka hapo, kila kitu kwa ndai kinakula stima ya altaneta: plagi, pampu ya petroli, taa, waipa, redio, feni. Ile inabaki ndio inarudi kujaza betri. Chukulia betri ni akiba yako ya M-Pesa, altaneta ndio jobo inakulipa. Jobo ikiisha, akiba itakubeba kiasi, halafu simu itasema salio haitoshi.

Ndani ya altaneta vitu si vigumu. Kuna rota, yaani koili ya shaba imezungushiwa shafti. Belti ya injini inazungusha hiyo shafti. Stima kidogo inaingia kwa rota kupitia brashi mbili ndogo za kaboni zenye zinasugua ringi za shaba, na rota inageuka sumaku. Hiyo sumaku ikizunguka ndani ya koili zingine zenye zimetulia, stima inatoka. Lakini inatoka ikiwa ya kwenda na kurudi, na betri haitaki hiyo. Hapo ndio dayodi zinaingia, zinanyoosha stima iende upande moja. Halafu kuna regyuleta, mlinzi wa geti. Inaangalia volti kila wakati. Zikishuka inaongezea rota stima, zikipanda inapunguza.

Sasa ona kwa nini ndai ya kitambo ndio inasumbuanga. Brashi zinasugua kila dakika injini iko on, kwa hivyo zinaisha pole pole ka penseli, haijalishi ndai inatoka kampuni gani. Kwa altaneta za Denso zenye ziko kwa Toyota nyingi za miaka ya tisini, brashi mpya imejitokeza milimita 10.5 hivi, na ikifika 1.5 inafaa ibadilishwe. Beringi zinakauka. Dayodi zinachoshwa na joto. Waya zinaoza juu ya vumbi, matope na mafuta. Na kuna kitu wengi wanafanya wakidhani ni usafi: kupiga injini maji ya presha pale kwa kuosha ndai. Hayo maji yanaingia moja kwa moja kwa altaneta, yanaanzisha kutu, yanaua beringi. Ukiosha injini, funika altaneta na nailoni, ama utumie kitambaa na brashi.

Dalili zenye hufai kulenga

Ya kwanza ni ile taa nyekundu ya betri kwa dashi. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, inafaa iwake. Injini ikishika, inafaa izime. Ikibaki inawaka, chaji haiko. Ikiwaka hafifu, ule mwanga wa kufifia unaonekana vizuri usiku tu, mara mob ni dayodi imeanza kuleta ngori. Na hii wasee wengi hawaijui: ka hiyo taa haiwakangi hata ukiwasha swichi, usifurahi. Balbu inaweza kuwa imeungua, na kwa ndai nyingi za zamani stima ya kwanza ya kuamsha altaneta inapitia hapo hapo kwa balbu. Msee anaweza zunguka Grogan akitafuta altaneta, na shida ni kabalbu kadogo.

Dalili zingine: taa kubwa zinafifia ukisimama kwa jam na zinang'aa ukikanyaga mafuta. Waipa zinavuta miguu. Redio inalia ka mbu na ule mlio unapanda ukipandisha mizunguko ya injini. Hiyo mara mob ni dayodi. Belti inapiga kelele asubuhi ukiwasha, halafu inanyamaza. Kunguruma chini ya boneti ka mawe yanasagwa, hizo ni beringi. Harufu ya raba imeungua. Na ka kuna harufu ya mayai yameoza karibu na betri, hapo chaji ni mingi kushinda kiasi, betri inachemka. Balbu zinaungua kila mara? Hiyo pia ni chaji imezidi.

Kuna pia test ya kusikiliza tabia ya ndai. Ka umejampiwa, ndai ikawaka, ukaenda kilomita kadhaa ikaanza kufifia na ikazima barabarani, shuku altaneta kwanza. Ka umejampiwa, ukazunguka siku mzima fiti, halafu asubuhi imekauka tena, shuku betri yenyewe ama kitu kinanyonya stima usiku. Tabia hizo mbili zinachanganywa sana, na hapo ndio doh inapotelea.

Macho kwanza, mita baadaye

Kabla ushike mita, tumia macho na vidole, injini ikiwa imezimwa. Angalia belti. Ka imepasuka, imelowa mafuta, ama imekuwa laini inang'aa upande wa ndani, inateleza. Ibonyeze na kidole gumba katikati ya puli mbili. Ikizama sana imelegea. Kwa ndai ya kitambo, kukaza belti kunaweza maliza story yote.

Angalia vichwa vya betri. Ule unga mweupe ama wa kijani unazuia stima kupita. Toa waya ya ground kwanza, kisha ile ingine, mwagia maji moto yenye bekingi soda, sugua hadi chuma ing'ae, kausha, rudisha, kaza. Fuata waya ya ground hadi mahali imefungwa kwa bodi na kwa injini. Hapo ndio kutu inajifichanga. Angalia plagi ya nyuma ya altaneta ka imekaa sawa, ka vile vipini havijaungua. Na uangalie ka kuna mafuta ya injini ama ya stelingi yanadondokea altaneta. Ukifunga altaneta mpya chini ya mafuta yanadondoka, utairudia hii jobo hivi karibuni.

Usalama pia. Ka uko na dredi, zifunge. Kamba za hudi ziingize ndani, cheni na bangili weka mfukoni. Belti ikishika kitu haibongi na mtu. Na ule msumari mkubwa wa nyuma ya altaneta, wenye unaitwa B, uko na stima ya betri kila saa hata swichi ikiwa off. Spana ikigusa huo msumari na bodi pamoja, unaona moto. Kabla ufungue altaneta, toa ground ya betri. Kila wakati.

Sasa shika mita

Weka mita kwa volti za DC, upande wa 20. Waya nyekundu ya mita kwa chanya ya betri, nyeusi kwa hasi.

Test ya kwanza: betri ikiwa imelala. Ndai ikae bila kuwashwa masaa kadhaa, ama uwashe taa kubwa dakika moja kisha uzime, ndio ile chaji ya juu juu iishe. Betri imejaa inasoma 12.6 hivi. 12.4 iko robo tatu. 12.2 ni nusu. Chini ya 12 imekauka, na hufai kuhukumu altaneta na betri ya hivyo. Ichaji kwanza na mashine, halafu uendelee. Altaneta imetengenezwa kushikilia betri, kujaza betri imekufa kabisa kunaichosha na kuipasha joto.

Test ya pili: mtu apige stata ukiangalia mita. Volti zikishuka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imejaa, betri ndio imezeeka. Hapo umejua bila kununua kitu.

Test ya tatu: injini imeshika, imetulia kwa mzunguko wa chini, kila kitu kimezimwa. Mita inafaa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Asubuhi ya baridi inaweza panda kidogo juu ya hapo na ni sawa. Ikibaki 12.6 na inashuka pole pole, altaneta haitoi kitu. Ikipita 15 na ikae huko hata injini ikishapata joto, regyuleta imeshindwa na jobo, ama waya yenye inaipelekea habari ya volti ina shida. Hiyo ni hatari kwa betri, kwa balbu na kwa kompyuta ya injini, usiendeshe hivyo.

Test ya nne: ipe mzigo. Washa taa kubwa, feni ya hita hadi mwisho, AC, ile hita ya kioo cha nyuma. Pandisha injini hadi mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Altaneta nzima inashikilia juu ya 13.5. Ka ilikuwa 14 bila mzigo na sasa imeporomoka chini ya 13, belti inateleza, brashi zimeisha, ama dayodi moja imeenda. Altaneta yenye dayodi moja mbovu inaweza kukuonyesha volti poa sana kwa mchana bila mzigo, halafu ikushushe usiku ukiwasha kila kitu. Ndio maana mtu asikwambie altaneta iko sawa kabla aipe mzigo.

Hizo nne zitakuonyesha ka shida ni betri ama ni chaji. Ka ni chaji, usikimbilie kununua bado.

Kabla uhukumu altaneta

Zima injini. Gusa nyekundu ya mita kwa msumari B, nyeusi kwa hasi ya betri. Inafaa usome volti zile zile za betri. Ukisoma sifuri, stima haifiki hapo: waya imekatika, ama ile fyuzi kubwa ya chaji kwa sanduku la fyuzi chini ya boneti imeungua. Kwa Toyota imeandikwa ALT. Angalia pia fyuzi ndogo za chini ya dashi, juu waya ya kuamsha regyuleta inapita huko. Fyuzi na altaneta bei zao haziko hata karibu.

Kisha angalia plagi. Kwa Toyota nyingi za miaka ya tisini plagi ya altaneta iko na waya tatu: IG, S na L. IG inafaa iwe na volti za betri swichi ikiwa on. S inafaa iwe nazo kila wakati. L ndio inaenda kwa taa ya dashi. Ka IG haina stima, altaneta inangoja amri yenye haikam.

Halafu test ya mangoto wa jua kali, na inafanya. Swichi iwe on, injini iwe off, karibisha bisibisi ya chuma nyuma ya altaneta, pale katikati kwa mwisho wa shafti. Ka inavutwa na sumaku, rota inapata stima, brashi na regyuleta zinapumua. Ka haivutwi kabisa na waya za plagi ziko sawa, brashi zimeisha, ama regyuleta imekufa, ama koili ya rota imekatika.

Pima pia waya zenyewe injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa. Nyekundu kwa B, nyeusi kwa chanya ya betri. Mita inafaa isome chini ya 0.2. Ikisoma nusu volti ama zaidi, hiyo waya inakula chaji njiani. Rudia upande wa ground: moja kwa bodi ya altaneta, ingine kwa hasi ya betri. Chini ya 0.2 pia, na usijali ka kuna alama ya kutoa mbele. Ndai za kitambo zinafeli hii test sana, na dawa yake ni msasa, nati imekazwa vizuri, ama waya mpya ya ground.

Ya dayodi inataka mita ya kuaminika. Weka kwa volti zenye alama ya kiwimbi, gusa betri injini ikiwa on na mzigo uko. Ikipita 0.5, dayodi zinapitisha stima chafu. Lakini tumita twa bei ya chini kabisa tunadanganyanga hapa, tunasoma stima ya betri ka ni ya kiwimbi. Jaribu kwanza injini ikiwa off. Ka inasoma kitu mbali na sifuri, hiyo mita haifai kwa hii jobo. Tafuta fundi ako na mzuri.

Na ka ndai inakauka usiku tu, zima kila kitu, funga milango, toa ground ya betri, pitisha mita upande wa ampia 10 kati ya hiyo waya na hasi ya betri. Usipige stata mita ikiwa hapo, itaungua. Subiri dakika kadhaa. Chini ya 0.05 ni kawaida. Ikiwa juu, chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke, umepata mnyonyaji. Ka zimeisha zote na bado iko juu, toa mita, fungua waya ya B kutoka kwa altaneta, funika kichwa chake vizuri kisiguse bodi, halafu urudishe mita upime tena. Ikishuka, dayodi za altaneta ndio zinakunywa betri yako usiku.

Hii usiwahi kubali

Kuna test ya kizamani bado inafanywa mtaani: injini ikiwa inanguruma, mtu anatoa kichwa cha betri aone ka ndai itazima. Kataa, hata ka anayefanya ni mzae amekuwa kwa hii jobo kabla uzaliwe. Betri ndio inatuliza volti za altaneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu sana kwa wakati mfupi, na zinaweza choma regyuleta, dayodi na kompyuta ya injini. Na hata ndai ikizima ama isizime, bado hujajua ugonjwa ni upi. Heshimu mzae, mwambie asante, toa mita yako.

Ka unapenda mziki

Utamaduni wa nganya umetufunza kupenda mabesi, maskrini na mataa. Lakini nganya kubwa za Isuzu NQR zinatumia volti 24, betri mbili zimeunganishwa, na chaji yake iko 28 hivi. Ndai yako ndogo ni ya volti 12. Piga hesabu: altaneta ya ampia 70 kwa volti 14 inatoa wati 980, na hiyo ni injini ikikimbia, kwa mzunguko wa chini inaweza toa chini ya nusu. Amplifaya ya wati 600 za ukweli ikisukumwa hadi mwisho inaweza vuta zaidi ya ampia 60 peke yake. Ongeza taa, feni, pampu ya petroli, uko jam ya Jogoo Road usiku. Altaneta inachemka, dayodi zinakufa, na betri inakauka ukiwa unaimba. Ka unataka mziki ya nguvu, anza na altaneta ya ampia za kutosha na waya nene, halafu ndio uweke spika.

Ukifika Grogan

Barabara inaitwa Kirinyaga Road, lakini mtaa bado unaiita Grogan. Pale na Kariobangi Light Industries kuna mafundi wakali wa altaneta. Usiingie ukisema "nataka altaneta". Ingia ukisema "yangu inasoma 12.4 injini ikiwa on, fyuzi iko sawa, IG ina stima, bisibisi haivutwi". Ukibonga hivyo, fundi mzuri anakuheshimu na mwenye alikuwa anataka kukuchezea anakuacha.

Ka ni brashi, badilisha brashi. Ka ni regyuleta, badilisha regyuleta. Altaneta nyingi za zamani zinafunguka na kila kipande kinauzwa peke yake, na hiyo ndio raha ya ndai ya kitambo. Ka koili zimeungua na beringi zimekufa pamoja, hapo tafuta nzima. Beba ile yako ya zamani ndio ulinganishe: mashimo ya bolti, mitaro ya puli, vipini vya plagi, na ampia zimeandikwa kwa kibandiko. Ka ni ya mtumba kutoka Japani, omba izungushwe na ipimwe mbele yako kabla ulipe, na uandikiwe risiti yenye inasema unaweza rudisha ikikataa. Ikifungwa kwa ndai, rudia test ya tatu na ya nne hapo hapo. Usitoke bila kuona 14 kwa macho yako.

Taa ikiwaka ukiwa njiani

Angalia kwanza geji ya joto. Kwa ndai nyingi za kitambo, belti ya altaneta ndio inazungusha pia pampu ya maji. Taa ya betri ikiwaka na joto linapanda, belti imekatika. Toka kando ya barabara na uzime saa hiyo, la sivyo utachoma injini. Ka joto liko sawa, zima AC, redio, feni na hita ya kioo, lakini usizime injini hadi ufike mahali pako salama, juu inaweza kataa kuwaka tena. Usiku usizime taa kubwa ndio uokoe betri. Ndai haina taa Mombasa Road na malori yanakimbia ni kifo. Zikianza kufifia, toka barabarani, weka pembetatu nyuma, simama mbali na lami.

Disemba inakam kila mwaka, na kila mwaka vijana wanajaza ndai ya kitambo mabeshte na mizigo wakielekea ocha usiku. Kabla utoke, fanya test ya betri imelala, ya injini on na ya mzigo. Andika hizo namba kwa karatasi, weka ndani ya dashi, na ulinganishe kila baada ya miezi kadhaa. Namba zikianza kushuka, utajua kabla ndai igome, na utanunua kipande chenye kinahitajika pekee.

Beshte yako akikupigia asubuhi ndai imekataa, usimtumie namba ya duka la betri. Nenda na mita, mfunze vile inasomwa, na umwachie hiyo elimu. Pima kwanza, halafu ndio ununue.